Supamaketi Iliyofungwa Kuwa Ukumbi wa Ushonaji

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha kina mama na vijana hushona nguo, hufuma sweta na kusuka viondo katika sebule za nyumba zetu. Supamaketi moja ya mtaani ilifungwa, na mwenye jengo yuko tayari kutupangisha ukumbi wake kwa kodi nafuu, mradi tuukarabati wenyewe. Tuanzie wapi? – Msomaji, Umoja

JIBU: Anzeni na mkataba, kabla hata ya kununua rangi. Mkishaweka nyaya, taa na masinki, jengo lililokuwa halitakiwi na mtu litaanza kutamaniwa na wapangaji wenye fedha kuliko nyinyi. Sheria ya Kenya ya upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, humkinga mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, asifukuzwe wala kupandishiwa kodi kiholela. Lakini kinga hiyo ni ya mahali panapotumiwa hasa kwa kuuza bidhaa au kutoa huduma kwa malipo. Ukumbi wa kufundishana bila ada huenda ukakosa kinga hiyo, kwa hiyo muda wa kukaa, notisi na fidia ya ukarabati mkiondolewa mapema viandikwe waziwazi. Kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi ya jengo aombe mwenye jengo.

Wazo lenyewe si geni Nairobi: kituo cha sanaa cha GoDown kilianza mwaka 2003 katika ghala kuukuu la Industrial Area.

Kuhusu ukumbi, sioni sababu ya kuukodi wote. Supamaketi nyingi hupata mwanga wa jua upande wa mbele tu, na huko ndiko cherehani zinakostahili kukaa. Umeme wenu utaliwa na pasi, si cherehani, kwani pasi moja ya wati 1,000 hutumia sawa na cherehani kumi za nyumbani za wati 100. Kila pasi ipewe soketi yake ukutani. Mkitaka kutengeneza batiki, yaani vitambaa vinavyochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi, ulizeni bucha au sehemu ya kuokea mikate ilikuwa wapi, maana huko aghalabu kuna bomba na mfereji wa maji machafu. Nta iyeyushwe katika sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, mbali na marobota ya vitambaa, na mlango wa nyuma wa kupokelea mizigo usizibwe wala kufungwa kwa kufuli watu wakiwa ndani.