Riwaya ya Kutisha ya Watoto Isomwe na Mtu Mzima Bila Kujificha

Msomaji mmoja ameniandikia wiki iliyopita: "Dada, nina miaka 36 na watoto wawili. Usiku wakishalala nachukua riwaya yao ya mizimu naisoma mwenyewe. Mume wangu alinikuta nayo akacheka, akaniuliza kama nimeishiwa vitabu vya watu wazima. Je, hii ni kawaida? Na kama ni kawaida, nisome ipi baada ya hii?"

Swali la pili ndilo lililonifurahisha. Mtu anayeuliza asome ipi tena ameshaonja. La kwanza limenichoma, kwa sababu kicheko hicho nakijua.

Nilikuwa mwanachama wa kikundi cha usomaji, sote watu wazima, na kila mmoja alikuwa na zamu ya kuchagua kitabu. Zamu yangu ilipofika nilichagua Small Spaces ya Katherine Arden, iliyotoka mwaka 2018. Niliisoma kwa makini, nikaandika maswali ya mjadala, nikabandika vijikaratasi kwenye kurasa nilizotaka tuzisome kwa sauti. Tulipokutana, mwenzetu mmoja niliyekuwa nikimheshimu sana alikishika kitabu, akageuza jalada, akauliza kama nimekileta kwa ajili ya watoto wa mtu. Wakacheka. Wengi walikuwa hawajakifungua hata kidogo. Mjadala haukufika popote, tukahamia kupanga kitabu cha mwezi uliofuata, na maswali yangu yakabaki kwenye mkoba. Sikusema neno. Nilikaa kwenye kikundi kile muda mfupi tu baada ya hapo, na nilipoondoka hakuna aliyeniuliza sababu.

Basi niseme hapa yale niliyotaka kuyasema siku ile.

Kitabu hicho kinamhusu Ollie, msichana wa miaka 11 aliyefiwa na mama yake. Anavaa saa ya mkononi ya marehemu, saa iliyokufa, kioo chake hakionyeshi kitu, lakini haivui. Siku moja darasa lao linakwenda kutembelea shamba. Wakati wa kurudi basi la shule linaharibika katikati ya ukungu, giza linakaribia, na dereva anawaonya watoto kwamba wasibaki hapo usiku ukiingia. Ollie anaitazama saa. Ile saa iliyokufa imeanza kuhesabu muda kurudi nyuma, na juu ya kioo chake kuna neno moja tu: KIMBIA.

Hapo niliacha kusoma nikaitazama saa yangu. Kilichonishtua ni kwamba onyo limekuja kupitia kitu cha mama, kitu ambacho mtoto amekuwa akikivaa bila kutarajia chochote kutoka kwake. Mtu yeyote aliyewahi kuhifadhi shati, miwani au simu ya marehemu anaelewa kwa nini ukurasa ule ni mzito. Mtoto wa miaka 10 ataruka haraka aone nani anakuja kutoka kwenye ukungu. Mimi nilikaa kwenye ile saa. Kitabu ni kimoja, ukurasa ni ule ule, lakini msomaji aliyezika anasoma zaidi.

Ndiyo maana nasema mtu mzima hasomi vitabu hivi kwa kujishusha. Vimeandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 12, na hilo humbana mwandishi. Hawezi kumwaga damu kila sura. Hawezi kujificha nyuma ya maelezo marefu, kwa sababu msomaji wake atakiweka kitabu chini na kwenda kucheza. Analazimika kutisha kwa vitu vidogo: mlango uliokuwa umefungwa sasa uko wazi kiasi cha vidole viwili, sanamu za kutishia ndege zilizokuwa zinatazama shambani sasa zimegeukia barabarani, sauti ya mtu unayemjua inakuita kutoka chumba ambacho hayumo. Sura ni fupi, na kila moja inakuacha mahali ambapo huwezi kuzima taa. Nimesoma riwaya nyingi za kutisha za watu wazima zilizojaa maiti, na ninazozikumbuka ni chache. Ule mlango ulio wazi vidole viwili naukumbuka.

Mpaka wenyewe kati ya kitabu cha mtoto na cha mtu mzima si ukuta kama watu wanavyodhani. John Bellairs alipoandika The House with a Clock in Its Walls alikusudia kiwe cha watu wazima. Mchapishaji ndiye aliyemshauri akiandike upya kwa ajili ya vijana wadogo, kikatoka mwaka 1973 kikiwa na michoro ya Edward Gorey. Kinamhusu Lewis, yatima wa miaka 10 anayekwenda kuishi na ami yake katika nyumba ambayo ndani ya kuta zake kuna saa inayogonga, na hakuna anayeweza kuipata ilipo. Usiku ami anazunguka nyumba nzima akitega sikio ukutani. Mzee wa watu anatembea gizani akitafuta kitu kinachohesabu muda wake! Niambie hiyo ni hofu ya mtoto peke yake.

Na kuna Scary Stories to Tell in the Dark ya Alvin Schwartz, ya mwaka 1981, kitabu cha kwanza katika mfululizo wa hadithi fupi za kutisha za watoto, yenye michoro ya Stephen Gammell ambayo inaonekana kama inayeyuka ukiitazama. Watu wazima waliipigania iondolewe maktabani kiasi kwamba Chama cha Maktaba cha Marekani kiliuweka mfululizo huo juu kabisa ya orodha ya vitabu vilivyopingwa zaidi miaka ya 1990. Baadaye mchapishaji alipotoa toleo lenye michoro mipya, ya upole zaidi, waliolalamika walikuwa watu wazima pia: wale waliotishwa na ile ya zamani utotoni. Walitaka hofu yao irudishwe. Nawaelewa kabisa.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni hili. Karibu kila riwaya ya aina hii ina mtu mzima asiyeamini. Mtoto ameona, anakimbia kusema, anaambiwa umeota, umechoka, acha kusoma vitabu vya ajabu. Msomaji mtoto anakasirika. Msomaji mtu mzima anashikwa na kitu kingine, kwa sababu anajua yeye ni wa kundi gani, na kwa kurasa mia mbili anapewa nafasi ya kuwa yule mtu mzima aliyeamini tangu mwanzo. Hakuna riwaya ya watu wazima iliyowahi kunipa nafasi hiyo.

Na haikuishia kwenye kurasa. Mtoto wa dada yangu aliniambia kuna kitu kabatini. Sikumwambia hakuna kitu. Nilimuuliza kikoje. Akafikiri, akasema, "Hakina macho, lakini kinajua kama nimelala." Nikamuuliza kinakaa upande wa mashati au upande wa viatu. Viatu, akasema, bila kusita. Tukahamisha viatu vyote, tukavipanga nje ya mlango, akalala. Siku hizi akiogopa ananiita mimi kwanza, hata mama yake akiwa chumba cha pili, na najivunia hilo kuliko vyeti vyangu vyote.

Sasa ushauri, kwa wewe uliyeniandikia na wengine mnaosoma kwa kujificha.

Soma usiku. Najua unayo kazi asubuhi. Lakini kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya giza ukikisoma kwenye foleni mchana, unakinyima nusu ya nguvu zake halafu unakilaumu kwamba ni chepesi. Taa moja, simu mbali. Usiruke mchoro wowote.

Usisome kama mkaguzi. Wazazi wengi hukifungua kitabu cha mtoto kuona kama kinafaa, na mtu anayekagua hawezi kutishika. Kama unataka kukikagua, kikague siku nyingine. Usiku huu wewe ni msomaji.

Ukichagua, usitazame aina ya mzimu. Tazama mtoto amepoteza nini. Nyuma ya jalada wataandika amehama, amefiwa, wazazi wameachana, rafiki amemwacha. Chagua kile kinachofanana na jeraha lako, hata kama jalada lina rangi za kitoto. Vile ambavyo mtoto hajapoteza chochote, kuna popo na kelele tu, mimi huviacha baada ya sura mbili.

Soma kwa sauti pale inapotisha, hata ukiwa peke yako. Sentensi za vitabu hivi zimejengwa kwa ajili ya mdomo, na utasikia mahali mwandishi alipokata pumzi kwa makusudi.

Na jamani, acheni kuomba radhi! Usiseme "nilikuwa namsomea mwanangu" kama hukuwa unamsomea. Kila mara unaposema hivyo unakubaliana na aliyecheka. Sisi watu wazima tunabeba hofu zisizo na ukurasa wa mwisho: ugonjwa wa mzazi, deni, simu inayolia usiku wa manane. Riwaya hizi zinakupa hofu unayoweza kuingia na kutoka, na karibu zote zinakutoa ukiwa na tumaini, kwa sababu mwandishi anamheshimu mtoto kiasi cha kutomwacha ndani. Hakuna haja ya kuona aibu kwa kuhitaji hilo. Anayekucheka hajawahi kuuliza unabeba nini.

Swali lako la pili sijalisahau. Kama ulichosoma kilikuwa cha mizimu ya nyumbani, nenda kwa Bellairs. Kama unataka ukungu na msitu, Small Spaces, na ukiimaliza ujue ni ya kwanza katika vitabu vinne, kila kimoja na msimu wake wa mwaka. Anza na hicho cha kwanza, ambacho ni cha vuli, msimu wa majani kupukutika, usiruke mpangilio. Na mume wako akikukuta tena, msomee ile sura ya basi kwa sauti, kuanzia pale injini inapozimika.