Kabla hujapiga dawa ya magugu, muulize mama yako kapanda nini

"Kaka, nilipiga dawa ya magugu siku moja baada ya kupanda. Mbona shamba ni kijani tupu, na si mahindi?" Ujumbe umenifikia juzi kutoka Sumbawanga. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka mitatu iliyopita hapa Mbozi, huyo nilikuwa mimi.

Nilipiga atrazini, dawa ya magugu ya shamba la mahindi, kwenye udongo mkavu, mabonge kama ngumi, na mvua ikakata. Dawa hii inafanya kazi udongoni: gugu linapochipua linainyonya kwa mizizi. Pasipo unyevu, inakaa juu bure. Mvua iliporudi, magugu yalinifika magotini.

Hilo nilishalisamehe. Linaloniuma ni kipande cha bondeni, penye unyevu, ambako mama alikuwa amechanganya mahindi na maharage kama alivyozoea tangu nikiwa mtoto. Sikumuuliza, nikapita na bomba la kupulizia. Mahindi yana uwezo wa kuivunja atrazini mwilini mwake, maharage hayana. Yaliota vizuri tu, tukayasifia, halafu majani yakaanza kuwa ya njano pembeni, yakakauka. Yote. Mama hakusema neno. Shemeji alisema kwa niaba yake, na mpaka leo kwenye kila sherehe ananiita "bwana shamba".

Kwa hiyo ndugu yangu, soma kibandiko cha chupa ya dawa. Nasema tena, soma kibandiko! Msimu huu nililainisha udongo, nikasubiri mvua, nikapanda, na kesho yake asubuhi udongo ukiwa bado mbichi nikapiga nikirudi kinyumenyume nisikanyage nilipopita. Bomba nilikuwa nimelipima kwa maji matupu: mita 10 kwa 10 zilikunywa lita 4, maana yake ekari ni kama lita 160, yaani mabomba 10 ya lita 16. Kipimo cha dawa kwa ekari kilichoandikwa kwenye kibandiko nikakigawa kwa 10, nikapata cha kila bomba. Ninyi mnaopima kwa kizibo cha soda, mnajiamini nini?

Palizi imekuwa moja tu, shemeji apite aone. Gugu la ndago ndilo lililobaki, haliogopi dawa hii, nimelifuata kwa jembe.

Kipande cha bondeni sijakigusa. Mama anakipalilia mwenyewe, na akiniona na bomba mgongoni huacha jembe, anasimama mpakani mpaka nipite.