Fereti wangu na kona yake

Wanaoniuliza kama fereti anafundishika choo, jibu ni ndiyo ila sio kila mara, na mtu akikwambia wake hajawahi kukosea hata siku moja jua anakupiga kamba.

Mimi niko Leeds, Uingereza, huku watu wamefuga fereti miaka mingi kwa kuwindia sungura. Kwa asiyemjua ni mnyama mwembamba mrefu, ukoo mmoja na kicheche wetu wa nyumbani. Mama alipomuona kwenye simu akasema mwanangu, umekosa hata paka?

Kosa langu la mwanzo lilikuwa boksi lake la choo kuliweka ninapotaka mimi, nyuma ya mlango wa jikoni, pamejificha, wageni hawaoni. Basi yeye kila akiamka anatembea hatua mbili tatu, anarudi kinyumenyume mpaka makalio yaguse kona ya kabati la TV, mkia juu, kamaliza. Nikasafisha, nikamkaripia, nikamhamisha, wapi! Nilipochoka nikalipeleka boksi palepale kwenye kona yake na wiki ileile mambo yakaanza kunyooka, kumbe mwanafunzi nilikuwa mimi.

Kingine ni kumvizia. Chakula kinapita tumboni mwake masaa matatu manne tu, kwahiyo anaenda mara nyingi, na akiamka ndo lazima. Usimfungulie kwanza acheze, muweke ndani ya boksi, subiri dakika chache, akimaliza mpe kipande cha kuku hapohapo. Wangu saivi kashashtukia dili, anaingia anachuchumaa bure halafu anakuja kudai kuku wake. Na ile ya kumsugua pua kwenye kinyesi acheni jamani, hajifunzi kitu zaidi ya kukuogopa.

Boksi lenyewe mbele liwe chini aingie kirahisi, nyuma liwe juu kwasababu ndiko anakolenga. Likiwa ndani ya kizimba chake lifunge na waya, la sivyo atalipindua. Mchanga wa choo cha paka ule unaoganda ukilowa usinunue, una vumbi na huyu anachimba kwa pua, tena akimaliza anaburuza makalio chini, sasa pata picha. Maranda ya mwerezi nayo hapana, yanasumbua mapafu. Mimi natumia peleti za karatasi, vile vipande vidogo vya karatasi iliyoshindiliwa, safu nyembamba tu maana hafukii kama paka, ukijaza unapoteza hela.

Usafi, natoa asubuhi na jioni, na mara moja kwa wiki naosha boksi zima. Siku za mwanzo nilikuwa nabakisha kakipande kamoja ka kinyesi makusudi ili harufu imkumbushe. Pale alipokosea napiga siki na maji, harufu ikibaki atarudi tu. Na boksi likichafuka sana haingii, anaenda pembeni yake.

Ila leo asubuhi nimeosha, nimeweka peleti mpya, safi kabisa, jamaa kaingia miguu yote minne, karudi nyuma vizuri, makalio yakabaki nje.