Seva ikichelewa kujibu, tuseme “muda umekwisha” au “malipo yameshindikana”?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Natengeneza programu ya kulipia ada za shule kwa simu. Seva ya malipo, yani ile kompyuta ya mbali inayopokea maombi ya kulipa, isipojibu ndani ya sekunde 30 programu inaacha kusubiri na inamtolea mteja ujumbe. Mimi niliandika “Muda wako umekwisha, jaribu tena”. Mwenzangu anasema Kiswahili fasaha ni “Ombi limeisha muda”, na bosi anataka tuweke “Malipo yameshindikana” basi yaishe. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kisarufi zote tatu zimesimama, ngeli ziko sawa, mwalimu yeyote wa sekondari angewapa vema. Ila zote tatu zinamwambia mteja kitu ambacho hakijatokea, na ukishaingia kwenye hela za watu hilo ni kubwa kuliko kosa la ngeli, kwahiyo nivumilie kidogo nikupeleke moja moja.

Anza na ya kwako. “Muda wako umekwisha” tumeisikia wapi wote? Kwenye chumba cha mtihani, msimamizi anasema muda wenu umekwisha kalamu chini, yani wewe ndo ulipewa muda na wewe ndo umeshindwa kumaliza. Hiyo “wako” inamtwika mteja mzigo. Sasa huyu mzazi kakosa nini? Kaweka kiasi, kaweka namba ya siri, kabonyeza, katulia anaangalia kile kiduara kinazunguka. Aliyechelewa ni seva. Hiyo sentensi ina mahali pake lakini, mfano mtu kafungua menyu ya kutuma pesa halafu kaongea na jirani hadi menyu ikajifunga, hapo kweli yeye ndo kachelewa, na hata hapo ni heshima zaidi kusema “Umekaa muda mrefu bila kuchagua, anza tena”. Nyie mafundi tofauti hiyo ya nani kachelewa mnaijua mpaka kwa namba za makosa ambazo seva hurudisha, manake 408 ni seva inasema mimi nimekusubiri wewe uliyeomba hukumaliza kuleta ombi lako, na 504 ni seva ya kati inasema niliyemuuliza kule nyuma ndo hajanijibu kwa wakati. Kama mashine zenyewe zinatofautisha aliyechelewa ni nani, Kiswahili hakishindwi.

Ya mwenzako, “Ombi limeisha muda”, naipenda umbo lake, ni Kiswahili cha nyumbani kabisa: simu imeisha chaji, gari limeisha mafuta, dawa imeisha muda. Mwenye kitu anatangulia kuwa kiima, kilichopungua kinafuata nyuma. Lakini angalia mifano yenyewe, chaji ilikuwa ndani ya simu, mafuta yalikuwa ndani ya gari. Kwahiyo msikilizaji anaelewa ombi lilikuwa na uhai wake na sasa limekufa. Hiyo inafaa kwa kontrol namba, ile namba ya kulipia bili, ambayo ulipewa siku saba ukakaa nayo siku kumi, hiyo kweli imeisha muda, huwezi kuilipia tena. Ombi la malipo lililokwama seva siyo hivyo, linaweza kuwa hai kabisa kule liliko, ni wewe tu umeacha kulisubiri. Na tafadhali asije mtu akakushauri “Ombi limepitwa na wakati”, hiyo ni ya nguo na mitindo ya zamani, mzazi atashangaa ada yake imechakaaje.

Sasa ya bosi, na hapa ndo pananiuma. “Malipo yameshindikana” ni hukumu. Kuna programu moja niliitumia kumlipia mdogo wangu ada, laki mbili na nusu, ikazunguka weee, ikaandika malipo yameshindikana jaribu tena. Mimi nikatii, nikajaribu tena. Dakika kama nne hivi zikaingia meseji mbili zimefuatana, kila moja na namba yake ya kumbukumbu, hela imekatwa mara mbili, na kuipata ile ya pili ilinichukua wiki tatu za kupiga simu. Malipo hayakuwa yameshindikana hata sekunde moja. Programu ilikuwa haijui, ila ikaongea kama inajua.

Na ajabu ni kwamba lugha yetu ina kiungo kidogo kinachobeba hali hii vizuri sana. Ukimuuliza mtoto umekula, akisema “sijala” unamwekea chakula, akisema “sikula” basi wakati wa kula ulishapita huo. Mgeni “hajafika”, mlango unauacha bila komeo. Mgeni “hakufika”, unafunga mnalala. -ja- inaacha jambo wazi, -ku- inalifunga. Programu iliyoacha kusubiri haijui kama ombi lilipotea njiani au lilifika likafanyiwa kazi ila jibu ndo limepotea wakati wa kurudi, kwa upande wake yote mawili yanaonekana sawasawa, kimya tu. Kwahiyo haina haki ya kutumia -ku- wala “yameshindikana”. Ina haki ya -ja- peke yake: malipo hayajathibitishwa, hatujapata jibu.

Mimi ningeandika hivi: “Bado hatujapata jibu la malipo yako. Usilipe tena kwa sasa. Tunafuatilia, utapata meseji.”

Umeona “jaribu tena” nimeitoa. Hiyo ni amri, na watu wetu wanatii amri ya simu kuliko unavyodhani. Kama mtu alikuwa anaangalia salio tu, iache, kusoma mara mbili hakuumizi mtu. Kwenye kulipa hapana, labda kama programu yenu ikijaribu tena inabeba namba ileile ya kumbukumbu ya lile ombi la kwanza, na huduma ya malipo iwe imetengenezwa kuitambua iseme hili nilishalipokea, isikate mara ya pili. Hapo hata mzazi akibonyeza mara tano ni ombi moja. Na ukishaandika “tunafuatilia” basi mfuatilie kweli, programu iende yenyewe kuuliza hali ya muamala kwa namba hiyo mpaka ipate jibu la ndiyo au hapana, na jibu likija ndo mna ruhusa ya kuandika “yamekamilika” au “hayakufanikiwa”, sasa hiyo -ku- imepata haki yake.

Neno lenyewe la kitaalamu, ile “timeout” ya Kiingereza, kwenye maelezo ya mfumo natumia “ukomo wa kusubiri”, mfano “ukomo wa kusubiri ni sekunde 30”. Nalipendelea kwa sababu linamtaja anayesubiri, na anayesubiri ni programu yako. Mkiwa wenyewe mafundi mkasema “rikwesti imetaimauti”, yani ombi limefika ukomo wa kusubiri, sina ugomvi, kuna watu wanakasirika eti kitenzi cha Kiswahili lazima kiishie na a, mbona tunajibu, tunasafiri, tunasamehe kila siku, vyote vilikuja kutoka Kiarabu na irabu zao na vimekaa vizuri tu. Ila hilo libaki jikoni kwenu, lisiende kwa mzazi.

Halafu kwenye swali lako umeandika “umekwisha” na mwenzako “limeisha”, sijui kama mlibishana na hapo. Msibishane, yote ni sahihi, ni kitenzi kilekile na ile ku- ya mwanzo wa “kwisha” (siyo ile ya “sikula”) mara inabaki mara inadondoka. Chagueni moja muitumie programu nzima. Mimi ningechukua “-isha”, ni fupi, na kioo cha simu ndogo kinabana.