Jani la isale Bugarika

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni desturi au simulizi gani ya kwenu uliyohama nayo, na je, inafanya kazi huko uliko?

Mimi nimezaliwa Marangu, na huu ni mwaka wa 11 niko Bugarika, Mwanza. Nilipohama nilipakata mche wa isale, mmea wa majani marefu, ndani ya kopo la rangi, basi zima, konda akinitania kwamba nahamisha shamba. Uchagani masale ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ndiyo alama ya kaburi la babu, na ndiyo msamaha. Aliyekukosea akikuletea jani la isale, hata kama moyo unawaka, unampokea. Kulikataa ni kosa zito kuliko lile alilokufanyia.

Mwaka juzi likanifika la kulitumia. Nyumba za huku zimepandana juu ya mawe. Wa juu akimwaga maji, wa chini anayapata. Mimi ndiye wa juu. Maji yangu ya kufulia yakateremka mpaka kwenye turubai la Mama Kulwa, alipoanika dagaa. Debe zima likanuka sabuni. Tulirushiana maneno ambayo siyaandiki hapa, kisha siku tatu tukapishana kwenye njia ya mawe kimya. Msukuma akikunyima hata "mwadila", salamu yao, ujue umemuudhi kweli.

Siku ya nne nikachuma isale, nikalipiga fundo, nikashuka. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaligeuza, akalinusa.

"Hii ni ya tumbo au ya kifua?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye jiwe. Marangu nisingehitaji kusema neno. Hapa ilibidi nitamke mwenyewe: nimekosa, maji ni yangu, dagaa nitalipa. Ilinitoa jasho. Jani linakusemea, unatubu umefumba mdomo, na nashuku ndiyo sababu Wachaga tunalipenda.

Mama Kulwa akaleta sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akanipa na hadithi. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua akaliua na kulipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Ila kisu kilimkata bibi mmoja sikio, na bibi yule, badala ya kushukuru, akaja juu. "Sitaki kuwa yule bibi," akasema, "lakini nusu ya dagaa utalipa." Nikalipa.

Nami nikamlipa hadithi, ya Mawenzi na Kibo, vilele vya Kilimanjaro. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kuomba kaa la moto kwa Kibo, akamkuta anatwanga ndizi kavu. Akapewa moto, na ndizi juu yake. Zikamnogea. Njiani akauzima moto makusudi, akarudi tena, na tena. Mara ya tatu Kibo akamgeuzia mchi. Ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka na kupasukapasuka, na cha Kibo ni cha mviringo. Vitabu vya shule vinasema Kibo ina mita 5,895 na Mawenzi 5,149. Bibi yangu namba hizo hakuzijua, kwake tofauti ile ilikuwa kipigo tu.

Isale sasa ninalo makopo manne, na moja liko kwa Mama Kulwa. Majirani wawili wameshakuja kumwomba jani, mmoja kwa ajili ya mkwe wake. Anawaeleza kwanza maana yake, kwa Kisukuma, kwa kirefu kuliko ninavyoijua mimi.

Mwezi uliopita tulikuwa naye ufukweni tukisubiri feri ya Kamanga, watoto wakilitazama jiwe la Bismarck lilivyosimama majini, limebebana vipande vipande. Mwanangu mdogo akauliza, "Mama, na hili nani alilipiga mchi?"

Sikuwa na jibu. Mama Kulwa alikuwa nalo, wala hakugeuza shingo: "Hilo halijapigwa. Lilitumwa moto, likapita ziwani."

Msomaji, Bugarika, Mwanza