Gari la Manyuo au Otomatiki: Lipi Hula Mafuta Kidogo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa Lindi na hupeleka mzigo Mtwara, mara nyingine hadi Newala. Natafuta gari lililotumika kutoka Japani. Shemeji yangu anashikilia kwamba otomatiki hunywa mafuta, ilhali fundi anasema hayo yamepitwa na wakati. Nimsikilize nani? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Shemeji yako anasema kweli kuhusu otomatiki kuukuu za gia 4, kwa kuwa nguvu ya injini hufika kwenye giaboksi kupitia mafuta yanayozungushwa ndani ya chombo cha duara badala ya klachi, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea kama joto, hasa gari linapoondoka au linapopanda mlima likiwa na mzigo. Manyuo nyingi za enzi hizo zilikuwa na gia 5. Otomatiki za karibuni, hata hivyo, zina gia 6, 8 hata 10, au ni zile za mkanda zisizo na ngazi za gia, nazo huweza kulingana na manyuo au hata kuishinda, maana kompyuta hupangua gia kwa wakati wake kuliko madereva wengi.

Kati ya Lindi na Mtwara hakuna foleni ya kukusumbua: tofauti ya gari la kilomita 12 kwa lita na la kilomita 13 haifiki lita 1 kwa safari moja. Kwenye mlima wa Newala ndipo otomatiki kuukuu itakapokugharimu.

Otomatiki nyingi za zamani za Kijapani zina kitufe ubavuni mwa mkono wa gia. Kikibonyezwa, maandishi O/D OFF huwaka kwenye dashibodi na gari haliingii gia ya juu kabisa, hivyo injini huzunguka kwa kasi zaidi na kula mafuta zaidi barabara kuu. Wapo wanaokwenda hivyo hadi Dar es Salaam huku wakililaani giaboksi! Wala usiteremke Newala kwa nyutro, kwani injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa ndani ya gia.

Mimi ningechukua otomatiki ya karibuni kuliko manyuo iliyochoka klachi. Kabla ya kulipa, mwambie fundi akague mafuta ya giaboksi. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, liache gari hilo hata kama linauzwa kwa bei ya kutupa.