Kuchora kwa ajili ya hifadhi: mnyama awe mwenyewe, rangi idumu

Kijana anayechora vizuri hapa Mwanza ana bahati ambayo wenzake wa mikoa mingi hawana: hifadhi ya taifa iko ndani ya jiji. Kutoka Capri Point hadi Kisiwa cha Saanane ni dakika chache za boti. Lango la Ndabaka la Serengeti liko kando ya barabara kuu ya kwenda Musoma. Rubondo nayo iko kusini magharibi mwa ziwa, na safari ya upande huo imerahisika tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Hifadhi zote hizi zinahitaji mabango, michoro ya ukutani, vibao vya maelezo, ramani za kuchorwa kwa mkono, picha za vipeperushi na fulana. Kazi ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mchoro ulio sahihi na rangi inayovuka masika mawili bila kubanduka.

Anza na mnyama, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi hurudishwa. Mtu wa kwanza kuukagua mchoro wako ni askari wa hifadhi, na yeye humwona huyo mnyama kila siku. Ukikosea kwato, ataziona kabla hajaliona anga ulilolihangaikia.

Kosa baya kuliko yote kanda ya ziwa ni la furukombe, yule tai wetu mla samaki. Msanii anatafuta kwenye intaneti tai mwenye kichwa cheupe, anapata tai wa Marekani, anamhamishia ukutani. Ndege hao wawili hawafanani. Kwa yule wa Marekani weupe unaishia shingoni, na kifua na tumbo ni kahawia iliyokolea. Kwa furukombe weupe unashuka hadi kifuani, tumbo na mabega ni rangi ya kutu, mabawa ni meusi na mkia ni mfupi. Tazama na mdomo: wa Marekani ni wa njano mpaka nchani, wa furukombe una ncha nyeusi. Kumweka tai wa Marekani kwenye ukuta wa hifadhi ya Ziwa Victoria ni kumdanganya mtoto wa shule aliyekuja kujifunza, na mimi naliona hilo ni jambo zito.

Wengine wa kuangaliwa kwa karibu: swala pala dume ndiye mwenye pembe, jike hana, na wote wawili wana mistari myeusi kwenye makalio na kishungi cheusi juu ya kisigino cha miguu ya nyuma. Nzohe wa Rubondo, mnyama wa jamii ya swala anayeishi kwenye vinamasi, ana kwato ndefu zinazotanuka ili zisizame kwenye matope, kwa hiyo usizifiche kwenye majani, ndizo habari yenyewe. Mbega mweusi na mweupe hana kidole gumba, ana vidole vinne tu vya kushikia tawi. Sokwe hana mkia. Na mjusi wa mawe anayeota jua kwenye majabali yetu, Agama mwanzae, ni dume pekee anayekuwa na kichwa na mabega ya waridi na mwili wa bluu. Jike ni wa kahawia, na ukiwapaka wote waridi umeharibu somo.

Maandishi nayo yana mitego. Sokwe wa Rubondo waliletwa kisiwani kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka Ulaya, walikokuwa wakifugwa kwenye bustani za wanyama. Ukiandika kwamba ni wenyeji wa kisiwa tangu zamani, kibao kizima kitang'olewa.

Ili usitegemee picha za watu, nenda hifadhini na daftari dogo la jalada gumu, penseli 2B na 4B, na darubini ya 8x42. Chora kwanza mstari mmoja wa uti wa mgongo kutoka kichwani hadi mkiani, halafu weka mahali pa bega na nyonga, halafu miguu. Manyoya yaje mwisho kabisa. Mnyama akigeuka, anza mchoro mwingine pembeni na umwache huyo, kwa maana akirudi kwenye mkao ule utamwendeleza. Ukipiga picha kwa simu, usimsogelee. Lenzi pana ya simu kwa karibu hukuza kichwa na kudogosha miguu ya nyuma, na ukinakili hivyo ukutani unapata swala mwenye kichwa cha punda. Simama mbali, piga ubavuni, kamera ikiwa usawa wa jicho la mnyama.

Kabla ya kugusa ukuta, toa rasimu ya rangi kwa kipimo cha 1:10, andika jina la kila mnyama na mmea uliomo, kisha mhifadhi aweke sahihi na tarehe. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa siku akija afisa mwingine akasema hakutaka nyoka.

Sasa ukuta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea. Plasta mpya iachwe siku 28 ndipo ipakwe. Saruji mbichi ina magadi, na magadi hula rangi ya mafuta, inageuka kama sabuni na kubanduka. Ukuta wa zamani upime unyevu: gundisha kipande cha nailoni, sentimita 45 kwa 45, kwa selotepu pande zote nne, ukiache saa 16 au usiku kucha. Ukikuta matone chini yake, ukuta bado unavuta maji. Usipake, tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni bomba la bati la paa lililopasuka au udongo uliorundikwa juu ya usawa wa msingi. Ukiona unga mweupe wa chumvi, ukwangue kwa brashi kavu ya waya na kuufagia. Ukiuosha kwa maji, chumvi inayeyuka, inaingia ndani na kurudi wiki ijayo.

Mafundi wengi watakushauri uulainishe ukuta kwa skimu ya jipsamu. Ndani ya ofisi sawa. Nje usikubali: jipsamu inakunywa maji ya mvua, inavimba, na tembo wako anaanguka vipande vipande. Nje tumia puti ya saruji nyeupe, ikikauka ipige msasa namba 120, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha praima, yaani rangi ya awali, ya kuzuia magadi. Vitambaa vya pamba vya kufutia utavipata kwa bei ndogo kwenye fulana chakavu za mitumba za soko la Mlango Mmoja, na ni bora kuliko sponji.

Hesabu ya rangi haina uchawi. Ukuta wa mita 6 kwa 3 ni mita za mraba 18. Kwenye plasta yenye mikwaruzo lita moja hufunika kama mita za mraba 8, kwa hiyo mkono mmoja, yaani kupaka ukuta wote mara moja, unakula lita 2 na robo. Praima mkono mmoja, galoni moja ya lita 4 inatosha na kubaki. Rangi ya msingi mikono miwili ni lita 4 na nusu, nunua galoni na kopo la lita moja. Za kuchorea: nyeupe lita 2 kwa kuwa inaingia kwenye kila mchanganyiko, halafu lita moja moja ya njano ya udongo, nyekundu ya udongo, bluu na nyeusi. Chagua akriliki ya maji ya nje. Njano na nyekundu zile kali za dukani ndizo za kwanza kupauka kwenye jua letu, ilhali zile za udongo, ambazo asili yake ni kutu ya chuma, hudumu miaka. Ngozi ya simba, nyasi kavu, majabali, vyote vinatoka kwenye hizo mbili ukiongeza nyeupe na bluu kidogo.

Kuhamisha mchoro: piga miraba ya sentimita 10 ukutani kwa uzi wa chaki, na miraba ya sentimita 1 kwenye rasimu, uhamishe mraba kwa mraba. Chora kwa mkaa au chaki. Usitumie kalamu ya maka hata kidogo, wino wake hupenya mikono mitatu ya rangi na kutokeza juu kama mshipa.

Chuma kina sheria zake. Bati lenye zinki ukilipaka rangi ya mafuta moja kwa moja, mafuta na zinki vinatengeneza sabuni katikati na rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Lioshe kwa maji ya sabuni, lisuuze, lipige msasa mwepesi, kisha praima maalumu ya kupaka juu ya zinki. Chuma cheusi kisicho na zinki kinataka praima ya kuzuia kutu mikono miwili, na zaidi kwenye maungio yaliyochomelewa, maana kutu huanzia pale.

Kibao cha maelezo ambacho mgeni anakisoma akiwa amesimama kiinamishwe kati ya nyuzi 30 na 45, ukingo wa chini uwe kama sentimita 80 kutoka ardhini, ili mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu wasome pia. Herufi za maelezo zisipungue milimita 6 kwa kimo, kichwa cha habari sentimita 2 au 3. Bango la barabarani ni jambo jingine: kila mita 10 za umbali zinadai herufi yenye kimo cha sentimita 3 hivi, kwa hiyo bango la kusomwa kwa mita 50 linataka herufi za sentimita 15. Kwenye kibao cha maelezo maneno yasizidi 80 kwa kila lugha. Nyeusi juu ya rangi ya maziwa husomeka kuliko nyeupe juu ya kijani, hasa saa sita mchana ziwa likiwa linang'aa nyuma ya kibao.

Ziwa lenyewe litakupangia ratiba. Ngurumo nyingi hushuka usiku na alfajiri, na asubuhi kuta zinakuwa na umande, kwa hiyo usifungue kopo kabla ya saa tatu. Mchana upepo unavuma kutoka ziwani na maji yanachafuka, basi vuka na mizigo asubuhi, ukiwa umevaa jaketi okozi hata kama ni dakika tano. Ukuta unaotazama magharibi upake asubuhi, wa mashariki upake alasiri. Ukipaka kwenye jua kali rangi inakauka kabla ya brashi kurudi, na michirizi inabaki. Funga kazi saa kumi. Karibu na mwezi mwandamo wadudu wa ziwani wanapanda kwa mawingu, na taa ikiwaka karibu na rangi mbichi watanasa kwa maelfu. Zima taa, tundika chandarua kwenye jukwaa. Wakinasa, usifute. Subiri rangi ikauke kabisa, kisha uwafagie kwa brashi laini.

Vanishi ya kukinga jua iwekwe baada ya wiki moja tangu mkono wa mwisho, mikono miwili myembamba. Ukiiwahisha, unyevu uliobaki ndani unageuka ukungu mweupe usiotoka.

Tumbili nao ni wenzako kazini. Wanabeba brashi, wanamwaga makopo, na wanajua kufungua begi. Chakula kikae kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na kopo lililofunguliwa lisiachwe peke yake hata kwa kwenda kunawa. Upande wa Ndabaka acha nyumbani nguo za bluu iliyokolea na nyeusi, zinawavuta mbung'o.

Lakini lililo kubwa ni taka. Saanane yote, nchi kavu na maji yake, ni kilomita za mraba 2.18. Hakuna pembeni pa kumwaga tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta. Kuoshea brashi ziwani ni kuwalisha sumu samaki unaowachora, na wala usiingie majini kwa miguu mitupu kwa sababu ya kichocho. Beba madumu mawili ya lita 20: moja la maji safi, moja la maji machafu. Yale machafu yaache yatulie usiku kucha, chuja tope la rangi kwa kitambaa, na tope hilo lirudi nawe mjini. Tina iliyotumika ibaki kwenye chupa yake, uchafu ukishatuama utaitumia tena kuoshea brashi. Majabali usiyapake kamwe, hata alama ndogo ya njia. Jabali ni sehemu ya hifadhi kama alivyo pimbi anayelala juu yake.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Taasisi za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao ulioanza kutumika mwaka 2023, na vijana wamo kwenye makundi maalumu yaliyotengewa asilimia 30 ya manunuzi. Kikundi kilichosajiliwa, chenye TIN na akaunti ya benki, kina nafasi kuliko msanii wa pekee yake. Usitarajie malipo ya awali, panga mtaji wa vifaa vyote. Kwenye ankara tenganisha vifaa na ufundi. Malipo ya huduma hukatwa kodi ya zuio asilimia 5, na lazima udai cheti chake maana utakihitaji TRA mwisho wa mwaka. Andikeni kwenye mkataba nani ana haki ya kuchapa mchoro kwenye fulana na kalenda, kwa sababu usipoandika ugomvi utakuja baadaye. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, husajili kazi za sanaa.

Siku ya kukabidhi acha chupa ndogo ya kila mchanganyiko uliotumia, imebandikwa uwiano na tarehe, na moja kama hiyo ubaki nayo. Baada ya masika pita uangalie sentimita 30 za chini, pale matone ya mvua yanaporukia ukutani na udongo, na vichwa vya misumari na nati kwenye fremu. Palipochubuka padogo, msasa, praima na brashi ya nusu inchi vinatosha kwa asubuhi moja.